Mwalimu Masolwa na Bwana Gunia

Ndugu waombolezaji, viongozi wa chama na serikali, majirani zetu wa Cheyo na ninyi mliotoka Nzega juu ya lori la pamba, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba utulivu ili tuwaeleze maisha ya mpendwa wetu, Mwalimu Yosefu Masolwa, ambaye wengi wenu mmekuja kumzika kwa jina lisilo lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1929 kijijini Itobo, Nzega, akalelewa na babu yake, aliyekuwa mpagazi katika njia ya misafara kutoka Unyanyembe hadi pwani, mzee mwenye sugu begani ambayo wajukuu walizoea kuipapasa wakimsikiliza. Alisoma shule ya misheni Ndala kuanzia 1938 hadi 1945, akasomea ualimu hapa Tabora, na Januari 1949 akaanza kufundisha. Tarehe 8 Septemba 1955 alifunga ndoa na Leonia, mnayemwona hapa, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele ya haki.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, shule aliyofundisha pale Gongoni iliagizwa kuandaa mchezo wa kuonyesha ubaya wa unyonyaji kwa sherehe za Saba Saba, na kwa kuwa walimu wengine wote walikataa kuwa mnyonyaji, marehemu alijitolea, akafunga mto wa sufi tumboni, akavaa koti lake la harusi, akaketi juu ya gunia la mpunga na kumfokea kila aliyelisogelea, na hivyo ndivyo alivyozaliwa Bwana Gunia. Lakini marehemu hakuamini kwamba kuna mtu mbaya asiye na alikotoka, kwa hiyo mchezo ulianza na Gunia akiwa mtoto wa mpagazi, mtoto aliyeanguka njiani kwa njaa na mzigo kichwani, msafara mzima ukampita bila mtu kumpa hata maji, naye akaapa kwamba akiinuka hatabeba tena, atabebewa. Siku ya majaribio akina mama walilia, na afisa mmoja wa utamaduni, ambaye hatutamtaja, akasema mnyonyaji haliliwi, akaamuru sehemu hiyo yote iondolewe. Marehemu aliiondoa, maana alikuwa mtumishi wa serikali mwenye watoto wa kulisha, ila ilimuuma.

Gunia asiye na utoto alipendwa kupita kiasi. Kila sikukuu na kila ugeni wa kiongozi aliitwa yeye, akazungushwa Nzega, Igunga, hata Ulyankulu, ambako wakimbizi wa Burundi walimzomea kwa lugha asiyoijua, na mwaka 1974 alipohamishiwa kijiji kipya upande wa Igunga, watu walioshushwa kwenye malori juzi tu, ambao hata paa hawakuwa nalo, walikusanywa uwanjani wamtupie mabonge ya udongo. Alikuwa akirudi nyumbani hoi, akimwambia mkewe kwamba kufundisha hakumchoshi, kinachomchosha ni kuchukiwa. Mwaka uliofuata aligombea uenyekiti wa kijiji, wazee wakasema kwa kucheka kwamba sukari ya ushirika haiwezi kukabidhiwa kwa Gunia, ila kwenye kura hawakucheka, na akashindwa. Tena watoto wakageuza habari ile kuwa mchezo wao wa barabarani, mmoja akae juu ya rundo la mchanga awe Gunia, wengine wamnyang'anye, na akiangushwa apigwe kwa kanga zilizosokotwa, na mchezo huo ukaenea mpaka mahali ambapo marehemu hakuwahi kukanyaga.

Alistaafu Desemba 1981, akarudi Tabora na kuhamia hapa Cheyo, tayari akisumbuliwa na presha na figo. Aprili mwaka huu, wahujumu uchumi waliposakwa kila mahali, viongozi walikuja nyumbani kumwomba Gunia mara moja tu zaidi, naye, mgonjwa vile vile, alikubali kwa sharti moja, kwamba utoto wa Gunia urudishwe. Walimsihi afikirie tena, akawajibu kwamba amefikiri tangu sitini na saba, nao wakaaga kwa heshima na kumtafuta mtu mwingine.

Mwezi Julai, alipokuwa hawezi tena kutoka barazani, na tumbo limevimba lenyewe bila mto, aliwaita watoto waliokuwa wakicheza Gunia mbele ya nyumba akawasimulia ule mwanzo uliokatwa, wote, bila kuruka neno. Jirani yetu Bi Tufaha alikuwapo, na anasema watoto walisikiliza, wakauliza kama kweli hakuna aliyempa maji, kisha wakarudi kwenye mchanga wao wakamwangusha Gunia kama kawaida na kumpiga kama kawaida, isipokuwa kwanza walimpa kata ya maji akanywa. Siku hiyo marehemu alimaliza chakula chake chote, jambo ambalo nyumba hii ilikuwa imelisahau.

Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Agosti 1983 katika hospitali ya mkoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, Mzee Ghalibu aliyetupatia sanda wakati huu ambapo nguo haipatikani, majirani wote, na watoto wa mtaa huu, ambao tunaomba wasifukuzwe, wapewe nafasi waje mbele.

Mwalimu Yosefu Masolwa, pumzika kwa amani, leo hakuna atakayekuita jukwaani.