Mama Nembo na Koti la Polisi Bandia

Ifikapo tarehe thelathini Juni, mkuu wa Kitengo cha Nembo na Leseni katika idara yetu ya polisi atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Nembo. Sisi tuliokaa naye ofisi moja tumepigwa na butwaa, kana kwamba hatukuwahi kuambiwa kuwa watu hustaafu.

Alianza kama mpiga chapa wa wanasheria wa idara. Siku hizo nembo yetu, ile ngao yenye funguo mbili na nyota, ilikuwa kama mali isiyo na mwenyewe. Uliikuta kwenye vikombe, kofia, hata kandambili. Yeye ndiye aliyewasumbua wakubwa mpaka ikasajiliwa kuwa alama ya biashara, ili anayetaka kuitumia aombe leseni kwanza. Akasoma sheria jioni huku akilea watoto, akafaulu, akakabidhiwa kitengo chenye meza moja na feni isiyozunguka.

Kandambili zilimkera kuliko vyote. Alimfuata muuzaji dukani kwake, akamwuliza kama angependa picha ya mama yake ikanyagwe chooni. Bwana yule alizitoa zote rafuni, na baadaye akaja kuomba leseni ya vikombe. Mwokaji mmoja naye alipochora nembo juu ya keki ya harusi ya askari, wageni walimgeukia Mama Nembo, aliyekuwa miongoni mwao, kuona atafanya nini. Aliomba kipande chenye nyota, akakila mbele yao, akatangaza kuwa ushahidi umepotea.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliishia kwenye keki. Tulipompa aisome, aliirudisha.

"Mmeandika keki, mkaacha koti," alisema. "Kama ni habari zangu, andikeni na hiyo."

Basi tunaandika.

Jumapili moja jioni, wanaume watatu waliovaa makoti yenye nembo yetu walibisha hodi nyumbani kwa mama mmoja mfamasia. Mumewe alichungulia dirishani, akaiona ngao, akafungua bila wasiwasi. Walimvunja taya, wakakomba nyumba nzima. Katika kukimbia, koti la mmoja wao lilinasa getini. Kesho yake wapelelezi walilileta kwetu, wakitaka kujua limeshonwa na fundi gani mwenye leseni.

Mama Nembo alilipokea koti huku ameshika kikombe cha chai. Akaitazama nembo, kisha akaligeuza koti ndani nje aone nyuzi. Kikombe kikamponyoka. Tulidhani ameungua. Alikaa, akapitisha kidole juu ya mafundo yaliyo nyuma ya ile nyota, uso umempauka.

"Huu ni mkono wa mdogo wangu," akasema.

Mdogo wake huyo, fundi cherehani, tulimfahamu vizuri. Ndiye aliyetushonea jezi za timu. Mama yao aliwafundisha kudarizi wote wawili, na huyo mdogo tangu utotoni hufunga uzi kwa namna yake ya ajabu. Wapelelezi hawakujua lolote kuhusu mafundo. Dada mtu angelikunja lile koti, akasema halijui, nani angembishia? Badala yake aliandika maelezo yake, akasaini, akaomba kesi apewe mwingine. Alichoomba zaidi ni kuongozana nao hadi kwenye karakana ya mdogo wake.

Mdogo wake alipomwona mlangoni, alitabasamu. Alipoonyeshwa koti, alisimamisha cherehani.

"Dada, walisema ni ya filamu. Kwamba kibali kiko njiani."

"Namba yangu ya simu unayo. Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Na yule baba wa watu angekuwa anatafuna chakula leo."

Fundi alilia kama mtoto. Kisha akaeleza yote: sura zao, gari lao, na kwamba Alhamisi wangerudi kuchukua makoti mengine. Walirudi kweli, wakawakuta wapelelezi wamekaa kwenye viti vya wateja. Genge likaishia hapo. Lakini fundi naye alifungwa miezi kadhaa kwa kutumia nembo bila leseni.

Dada yake alipokwenda kumtembelea gerezani, fundi alikataa kutoka kumwona. Mara ya pili, vilevile. Wifi yake, mke wa fundi, akawa akimwona anavuka barabara ili kumkwepa. Mara ya tatu fundi alitoka, akauliza habari za wanawe, ambao muda wote huo walikuwa wakila kwa shangazi yao. Leo wanaongea. Si kama zamani, anasema mwenyewe, lakini wanaongea.

Jambo jingine alilolifanya Mama Nembo wiki ileile genge lilipokamatwa lilitushtua upya. Alipotoka kumjulia hali mume wa mfamasia hospitalini, alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Idara. Alitaka watu watangaziwe wasimfungulie mtu mlango kwa sababu ya nembo; waombe kitambulisho, wapige simu kituoni. Mkuu alimkodolea macho. Mtu aliyeipigania nembo hiyo maisha yake yote!

"Nailinda kwa ajili yao," alimjibu. "Kama inawaumiza, nalinda nini?"

Tangazo likatoka, na likasikika. Mwezi uliopita bibi mmoja aliwasimamisha wapelelezi wetu halisi nje ya mlango, mvua inawanyeshea, mpaka kituo kilipothibitisha kuwa ni wenyewe. Waliporudi wanachuruzika maji wakilalamika, Mama Nembo aliuliza anapoishi huyo bibi, akaenda kumshukuru.

Dada yetu, asante kwa kazi, kwa ukali na kwa vicheko. Ulilipa gharama ambayo wengi wetu tungeikwepa. Nenda ukapumzike na wanao na wa mdogo wako. Afya, amani na siku nyingi za furaha ziwe zako.