Brandon Hana Simba

Basi liliondoka Kawangware nusu tupu. Mwanasoka Brandon Oketch, mzaliwa wa Uswidi, aliketi peke yake, kofia usoni, miguu mirefu njiani. Kesho alitakiwa kujibu: ataichezea Uswidi au Kenya? Nyuma yake abiria wawili wasiojuana walikuwa wanamwamulia bila kujua yupo, kama ilivyo haki ya kila mwananchi.

“Brandon aende na Uswidi, mathe,” fundi viatu alisema. “Huko atacheza Kombe la Dunia. Hapa atalitazama kwa TV kama mimi.”

“Wacha wewe! Marehemu babake tulikuwa naye Kisumu Ndogo, hapo Kibera,” muuza omena, dagaa wa ziwani, akafoka. “Huyo ni wetu.”

“Wenu? Ako na simba kwao?”

Kijana wa Kijaluo hujenga simba, kijumba chake mwenyewe, bomani kwa babake. Asiye nayo hulala kwa watu, kama mgeni.

“Hana,” mama alikiri. “Akikuja tutamjengea.”

“Hata akichezea Uswidi?”

Brandon alizuia pumzi. Kutafuta jibu hilo ndiko kulikomvusha bahari.

Basi likasimama Kibera kabla mama hajajibu. Mama akainua ndoo yake ya omena, akafika alipoketi Brandon.

“Kijana, toa miguu nipite.”