Yogati Isiyo na Ng'ombe

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu. Asubuhi hiyo walikuwepo watatu. Breki, dereva wa lori aliyestaafu usukani, mdomo bado uko kazini. Profesa, aliyekuwa karani wa maktaba, mtu ambaye hajapata kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Na mwenye kibanda, Nyundo, aliyekuwa anagonga kisigino kilekile kwa mara ya nne. Mama yake mzazi amehamia kwake wiki hii. Daktari amempiga marufuku maziwa ya ng'ombe, na Nyundo, mwanamume asiyejua hata kuchemsha yai, amejitwisha kumpikia kwa yogati ya nazi, ile isiyotiwa sukari wala kitu. Jana mama alionja vijiko viwili, akasema ameshiba. Jambo hilo lilimkaa Nyundo rohoni.

— Nimeitia kwenye mchuzi, ikakatika yote, alisema. Ukiitazama unaionea huruma.

— Mchuzi ulikuwa unatokota? aliuliza Breki.

— Unatokota hasa.

— Basi hapo! Unaepua kwanza, chungu kipoe kidogo, ndiyo unaitia kijiko kijiko. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, bwana.

— Sasa si ndiyo umeniambia ningoje?

— We fuata tu.

Nyundo akaanza kupata matumaini, lakini Profesa alishaweka kikombe chini, na Profesa akiweka kikombe chini, ujue mmekwisha.

— Moto mnausingizia bure. Wahenga walisema, ng'ombe wa maskini hazai. Ndipo watu wakakimbilia nazi!

— Lo! Hapo umechapia, alisema Breki.

— Sikilizeni. Maziwa yametoka kwa mnyama, joto yamelizoea. Nazi imekaa juu ya mti maisha yake yote inapigwa na upepo. Leo unaitumbukiza chunguni, itaacha kushtuka?

— Kwa hiyo tuianike juani izoee?

— Mwiko, ndugu yangu, mwiko! Uzungushe kuelekea upande ule nazi ilioangukia.

— Na atajuaje iliangukia upande gani?

— Asiyejua maana haambiwi maana, alijibu Profesa, akanywa kahawa yake.

Breki alicheka mpaka ubao ukayumba. Nyundo hakucheka.

— Nyie chekeni tu. Mama yangu anakonda mbele ya macho yangu.

Breki akaona aibu kidogo.

— Basi usipike, kaka. Mpe hivyohivyo, baridi, umkatie tango na chumvi kidogo. Au ndizi.

— Tango ni maji, alidakia Profesa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Pale pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mteja, kandambili iliyokatika iko mkononi.

— Samahanini, kaka zangu. Kwani huyo mama mwenyewe anapenda kula nini?

— Mama? alisema Nyundo. Mama anapenda…

Akakwama. Miaka arobaini na sita anamjua. Anajua alivyokuwa akimenya, akikoroga, akipakua, sahani ya baba, halafu za watoto. Sahani ya mama hakuikumbuka.

— Ukoko, alisema hatimaye. Alikuwa anasema anapenda ukoko wa wali.

— Hata wangu alikuwa anasema hivyo, alisema Breki taratibu.

Nyundo alijisikia vibaya mpaka akaweka nyundo chini, akapiga simu nyumbani.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, baba. Umekula?

— Nitakula. Mama, wewe unapenda chakula gani?

— Chochote, mwanangu. Usijisumbue.

— Siyo chochote. Kile unachokipenda wewe.

Nyundo akaibana simu sikioni.

— Mbona swali gumu hilo, alisema mama. Ngoja nifikirie.

— Fikiria tu, mama. Sikati.