Habu ya Motokaa ya Marehemu Ame

Alasiri ile ya Wawi, mwaka wa tatu wa vita vya Wazungu, kijiwe kilijaa mapema. Si kijiwe cha kujivunia: gogo la mnazi lililolazwa ukutani mwa duka lililofungwa, jiko la makaa, dele la kahawa, na mwenye dele, Mwalim, ambaye watu walikwisha kumwita Dele kama chombo chake. Ng'ambo ya njia, uani kwa marehemu Ame, motokaa ilikuwa imeinuliwa nyuma juu ya magogo, gurudumu moja limevuliwa, imeinama kama mbuzi aliyefungwa mguu akingoja kisu. Marhoun alikaa akiitazama, viganja vimemchubuka. Ame, shemeji yake, alikufa kwa homa, kitandani kwake, kifo cha kawaida kabisa. Akamwachia mkewe Mwanawema, dada yake Marhoun, watoto na motokaa hiyo iliyokuwa ikipeleka watu na karafuu Chake Chake. Basi. Hawana kingine. Sasa beringi ya gurudumu imesagika. Mpya ipo, Ame aliitoa Unguja kabla homa haijamlaza. Lakini haiwekwi mpaka itoke kwanza habu, ile bakuli ya chuma inayolishika gurudumu kwenye ncha ya ekseli. Na habu imegoma. Wazee wa ukoo wamekata shauri: kesho asubuhi motokaa isipotembea, Msellem wa Wete ataichukua aivunje chuma chakavu. Marhoun alikuwa amemwapia dada yake kwamba itatembea.

— Nati umeifungua? aliuliza Mzee Kificho, aliyeitwa Kadhi kwa kuwa hapakuwa na kesi asiyoikatia hukumu, hata asipoulizwa.

— Nati ninayo mfukoni, Kadhi. Nati haina ugomvi na mimi. Habu ndiyo haitaki.

— Mafuta ya taa?

— Imeyaoga.

— Moto?

— Asubuhi nimeizungushia makaa kama naoka mkate.

— Nyundo?

Marhoun akamgeuzia viganja.

— Basi ongeza nguvu, bwana. Samaki mkunje angali mbichi.

— Chuma hicho, Kadhi, si samaki! Na kikipasuka, sitapata kingine. Meli siku hizi zinaleta askari, hazileti habu.

Dele akamimina, akagawa finjani. Aliyekaa mwisho wa gogo alikuwa Mmanga, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Injini, maana ujanani alipata kuchochea makaa kwenye meli moja mpaka Mombasa, na tangu hapo kila chenye msumari alikijua yeye.

— Yakhe, alianza Injini, jana nilinyamaza kwa heshima. Lakini nilikwenda pale uani. Nikalishika lile gurudumu la upande wa pili, lililobaki, nikalizungusha mbele kwa mkono wangu huu. Habu ikazunguka nyuma.

— Ndivyo zilivyoundwa, alisema Marhoun. Katikati mna meno ya chuma. Ukisukuma huku, kule kunarudi.

— Sawa. Nikaliachia. Gurudumu langu likasimama. Habu haikusimama.

Dele akageuka kutoka jikoni.

— Ilikwenda vipi? Dele aliuliza.

— Polepole. Kama ntu anayevuta tasbihi.

Marhoun alitaka kumkemea, akaacha. Asubuhi ile, alipokuwa akipepea makaa, na yeye aliiona ikijigeuza. Akajiambia ni moshi umemwingia machoni.

— Mimi nitawaambia, alisema Kadhi, akiweka finjani chini kama anayefunga ushahidi. Motokaa hiyo haijaambiwa.

— Haijaambiwa nini?

— Kwamba bwana wake amekufa. Marehemu baba alikuwa na ng'ombe. Siku alipokufa hakukamulika. Tukamvuta, tukambembeleza, tone halikutoka. Mpaka mama akaenda zizini akamwambia sikioni: bwana wako hayupo. Ng'ombe akalia, maziwa yakashuka. Wewe Marhoun umeiambia?

— Niiambie motokaa?

— Sikio lake liko wapi? Injini aliuliza kwa dhati.

— Chombo hakina sikio, kina mwenyewe, Kadhi alijibu. Ndiyo maana wakubwa wakasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

— Na hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia. Ifikirie.

Dele alikuwa amechutama mbele ya jiko, hakuinua uso.

— Mnanichekesha, alisema, lakini sauti yake haikuwa na kicheko. Kila alfajiri, kikombe cha kwanza kilikuwa cha Ame. Anakunywa amesimama, anawasha motokaa, anakwenda zake. Sasa mkono wangu umezoea. Namimina, nakiweka pale ukingoni mwa gogo, ndipo nakumbuka. Nikigeuka kukichukua, hakina kitu.

— Nani anakinywa?

— Mimi nilidhani ni wewe, Kadhi.

— Mimi? Mimi kahawa kabla ya kiamsha kinywa hunipiga moyo! Injini?

— Alfajiri mimi nimelala, alisema Injini, akajisogeza kutoka ukingoni mwa gogo.

Hapo hasira zikampanda Marhoun. Akasimama.

— Sikilizeni. Mimi sijasoma, lakini maneno yangu hayana kona. Chuma ni chuma, maiti ni maiti. Nikishindwa, kesho nitamwambia Msellem nimeshindwa mimi, Marhoun. Sitamsingizia ntu aliyelala kaburini, hawezi kunijibu.

— Akiondoka paka, panya hutawala, Kadhi alinong'ona kwa huzuni.

— Panya ndiyo mimi?

— Methali haina jina la mtu, yakhe. Kaa.

Ng'ambo ya njia, nyuma ya ua wa makuti, sauti ya mwanamke ikapaa. Mwanawema bado alikuwa edani, hatoki. Siku nzima alikuwa akisikiliza nyundo, na kila inaponyamaza huuliza neno lile lile.

— Kaka! Imetoka?

— Bado, dada.

Swali hilo lilimwuma Marhoun kuliko viganja vyake.

Ndipo akatokea mwanamke mtu mzima, anakuja na njia ya Chake Chake, pakacha kichwani, buibui limejaa vumbi mpaka magotini. Kadhi alimjua: Bi Siti wa Wingwi, amekuja kumlea bintiye aliyejifungua. Hakuwahi kukanyaga Wawi kabla ya wiki ile.

— Asalaamu alaykum.

— Waalaykumu salaamu, mama. Karibu kahawa.

— Kahawa baadaye. Namtaka mwenye motokaa.

— Ni mimi, mama, alisema Marhoun.

— Basi mwanangu, dereva wako ana kiburi. Nimepishana naye sasa hivi bondeni. Nimempa salamu, hata kichwa hakugeuza. Tena anaendesha namna gani vile? Polepole, anaipeleka kushoto, anairudisha kulia, kushoto, kulia, njia nzima yake! Nimejitupa kwenye mihogo ya watu.

— Motokaa gani hiyo, Bi Siti? Kadhi aliuliza.

— Unaniuliza mimi? Ile pale. Ubao wa kijani, taa moja imefungwa kamba. Akaiangalia vizuri, akakunja uso. Mmekwisha kuivua gurudumu mara hii?

Gurudumu lilivuliwa juzi.

Marhoun hakusikia tena mtu. Akilini alikuwa amemwona Ame angali hai, miaka ya nyuma, habu imegoma vivi hivi. Ame hakuipiga nyundo. Aliilegeza nati kidogo tu, akarudisha gurudumu, akaishusha motokaa bondeni polepole, akiiyumbisha kushoto, kulia, mpaka uzito wake wenyewe ukaibandua habu kutoka ncha ya ekseli. Marhoun hakuwahi kuthubutu kuendesha hivyo. Na hapo kijiweni hakuna aliyemwambia Bi Siti habari hiyo.

Akavuka njia. Makaa ya asubuhi yalikwisha kuwa majivu, lakini habu ilikuwa na joto, joto la chuma kilichotoka safari. Akaishika kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote, akaanguka chali. Ilitoka kama kifuniko cha chungu.

— Kaka! Mbona kimya? Imetoka?

— Imetoka.

— Alhamdulillahi! Na watoto wakapiga vigelegele nyuma ya makuti, kwamba kesho wanakwenda Chake na motokaa ya baba.

Marhoun alirudi kijiweni ameikumbatia habu kifuani, hajui aiweke wapi. Kesho motokaa itatembea, kiapo kimetimia. Kesho ni yeye atakayekaa kwenye kile kiti cha Ame. Dele alishika finjani tupu akasahau kumimina. Bi Siti akajitwika pakacha lake.

— Haya, nimeona mnafurahi. Mimi nipo Wawi mpaka binti yangu atimize arubaini, na njia ndiyo hii moja. Sasa nikipishana naye tena, nimsalimie kwa jina gani?