Kitanda Kilichotaka Kutulaza Nje

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnipokee hivi hivi, maana nimekuja kumshukuru Mungu na hasira bado ninazo.

Mie ni seremala wa Keko. Darasa la saba sikufaulu, lakini wenye digrii zao wanakalia makochi yangu. Nilianza kwa kufagia maranda. Leo nina mafundi wanne chini yangu. Hakuna aliyenibeba! Ila nyumba nilikuwa nimepanga, kule Temeke, na mwenye nyumba alipotaka kubomoa ajenge fremu za maduka, akatupa mwezi mmoja tu. Mke wangu mjamzito, na Neema wetu ana miaka mitatu.

Tulitaka chumba, sebule na choo cha ndani. Basi! Sikuomba ghorofa! Ndugu zangu, madalali walinitafuna. Kila nyumba unalipia kuonyeshwa, hata ukiikataa. Mmoja alinipeleka Madale, akasema kutoka barabarani ni dakika tano. Tukapanda kilima mpaka soli ya kiatu ikaachia. Nikamwuliza, "Braza, dakika tano za helikopta?" Akanijibu, "Mzee, si umetaka bei chee? Panda!" Wenye nyumba nao! Wanataka kodi ya miezi sita mkononi, halafu wanakuhoji kama mwizi: watoto wangapi, wanalialia? Mtoto asiyelia mmemwona wapi nyie?

Sasa sikilizeni. Nilikuwa na kitanda. Mninga mtupu, sita kwa sita, nakshi kichwani. Nilikiundia mle mle chumbani Temeke, kwa gundi na misumari, sikuweka hata bolti moja. Nikajisifu kwamba hakitaachia mpaka Yesu arudi. Mlangoni hakipiti! Nikasema nitakitoa kwa kuvunja ukuta, si nyumba yenyewe inabomolewa? Kila tulikokwenda naingia na futi mkononi, napima mlango kwanza. Mwembamba? Sitaki! Dalali akanisoma. Akawa ananionyesha majumba ya milango mipana tu, bei ya kuua mtu.

Zikiwa zimebaki siku nne, tukapata Chanika. Chumba na sebule, pasafi, kodi ya miezi mitatu tu. Mwenye nyumba ni mama wa Kiislamu, mjane, mpole. Nikatoa futi: mlango mwembamba. Nikakataa.

Mke wangu akasimama pale pale uani, watu wanasikia: "Baba Neema, wewe unawatafutia nyumba wanao au unakitafutia kitanda?"

Nilinuna siku mbili. Nikapiga magoti nimlaani dalali, nimlaani na mwenye nyumba wa Temeke. Maneno hayakutoka! Kila nikifumba macho naona kitanda. Hapo ndipo Bwana aliponishika. Nilikuwa naabudu mninga, ndugu zangu! Familia yangu inakwenda kulala nje, mie nalinda mbao! Asubuhi nikakikata vipande, nakata huku nalia kwa hasira. Na nilikuwa nimekiunda kweli kweli, kimenivunjia misumeno miwili!

Nikakimbilia Chanika, roho mkononi.

"Shikamoo mama. Chumba kimeshachukuliwa?"

"Marahaba, mwanangu. Watu watatu wamekuja, nimewarudisha. Mkeo alipita jana, kaniomba nimngojee mumewe, eti yuko kwenye maombi."

Maombi! Ndugu zangu, mie nilikuwa nimenuna!

Leo tunakaa Chanika. Mtoto kazaliwa pale, analia apendavyo, na mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuja kumbembeleza. Bado tunalalia godoro chini, maana oda za watu haziniachii nafasi. Kitanda kipya kitakuwa cha kufungua kwa bolti. Asante Yesu! Asante kwa mke uliyenipa!

Madalali mliomo humu ndani, tubuni. Na wewe unayezunguka mji mzima ukisema Mungu kakufungia, mtumaini. Mlango ameshaufungua. Tua ulichobeba, uingie.