Mama Séphora Kavugho na Tani za Woga

Tarehe 31 Julai 2025, Mama Séphora Kavugho anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika Shirika la Anga la Lufira, hapa Lubumbashi. Alianza Agosti 1993 kwenye mizani ya mizigo, uwanja wa Luano. Anaondoka akiwa mkuu wa ofisi ya matayarisho ya safari, yaani ofisi inayokadiria kila ndege ibebe mafuta kiasi gani. Tarakimu zilizomo humu zimehakikiwa mara mbili, kwa kuwa yeye angezihakiki mara tatu.

Walioanza naye kwenye mizani wanawakumbuka abiria waliovaa makoti matatu mwezi wa Oktoba ili mifuko yao iwe myepesi. Mama Séphora hakugombana nao. Aliwaomba kwa heshima wapande mizani wenyewe, makoti na yote, kisha akawapa pole kwa joto. Ndege haidanganywi, alipenda kusema. Kila kilo inayopanda inataka kulishwa.

Mwaka 2004 alihamia ofisi ya matayarisho, akakuta mazoea ya zamani. Hesabu ya mafuta ilikuwa tayari na akiba ya usalama, ambayo yeye hakuigusa kamwe, lakini marubani waliongeza tani moja au mbili juu yake ili roho itulie. Tani hiyo ina uzito, na kuubeba uzito kunachoma mafuta. Kutoka hapa hadi Goma, tani moja ya ziada hula kilo sabini hivi bila kumfikisha mtu popote. Mwaka 2016 alirudi kutoka mafunzo ya Kinshasa, akatueleza kwamba kila kilo ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa zaidi ya kilo tatu za hewa ya ukaa, nayo hubaki juu miaka na miaka ikiipasha dunia joto. Ana shamba la mahindi kule Annexe, pembezoni mwa mji. Mvua inayochelewa alikuwa ameshaizoea kabla ya kupewa maelezo.

Ndipo alipoanzisha desturi ya bidoni, yale madumu ya mafuta. Rubani aliyetaka nyongeza hakukataliwa. Aliulizwa swali moja tu: "Hii tani iko ya safari ao ya woga?" Akitoa sababu, kama radi njiani au uwanja usio na mafuta, aliandikiwa mara moja. Akikosa sababu, alipewa tani yake pamoja na bidoni nne tupu za lita ishirini, azipange mwenyewe chini ya bawa mbele ya abiria, ili aone kwa macho kiasi kitakachoungua bure.

Wa kwanza alikuwa Commandant Floribert, rubani wetu mkubwa kuliko wote kwa umri na kwa mwili. Alipokuwa akiinama na bidoni zake, mama mmoja muuza vitenge wa Kampemba alimwuliza kwa sauti, "Commandant, siku hizi uko unauzisha mafuta?" Foleni nzima ya abiria ikacheka. Safari iliyofuata Floribert hakuomba hata kilo. Kati ya 2017 na 2024, mafuta tuliyochoma kwa kila saa ya kuruka yalipungua kwa asilimia kumi na moja, kwa ndege zilezile na njia zilezile.

Kisha ukaja Januari wa mwaka huu. Siku uwanja wa Goma ulipofungwa kwa sababu ya vita, ndege yetu ilikuwa angani ikielekea huko, Floribert akiiongoza. Aligeuka, akatua Kalemie salama, na mafuta yaliyobaki yalilingana na karatasi ya Mama Séphora. Hata hivyo, tangu hapo hofu ilitawala. Njia za mashariki zikafa, ndege mbili kati ya nne zikalazwa, wenzetu wengi wakarudishwa nyumbani, na marubani waliobaki wakajaza matangi hadi shingoni. Bidoni hazikutoka tena stoo.

Mwezi wa Mei sisi wa ofisi tuliandaa ripoti ya gesi joto ya tangu Januari. Moshi wetu ulikuwa umeshuka kwa nusu, nasi, tukitafuta neno lolote la kumfurahisha mkurugenzi, tuliandika kwamba ni mafanikio. Mama Séphora alisoma, akachukua penseli, akapiga mstari, akaandika pembeni: ndege iliyolazwa haijapunguza kitu. Hakumkaripia mtu. Alisema tu kwamba angetoa chochote asikie tena ndege ya Goma ikiunguruma saa kumi na mbili asubuhi, ili aipunguzie kilo moja moja.

Maana kwao ni huko mashariki. Mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na tisa, yuko Butembo, na hawajaonana tangu 2021. Kwa simu, bibi huyo husema kila akisikia ndege juu ya Rughenda, uwanja wa Butembo, hutuma jirani aulize kama imetoka Lubumbashi. Tangu Aprili anauliza bila kuamka kitandani.

Shirika limempa Mama Séphora tiketi kama zawadi ya kuagwa. Kwa kuwa njia ya Goma imefungwa, tiketi inampeleka Addis Ababa, inamrudisha Entebbe, Uganda, kisha barabara ya mpaka wa Kasindi hadi nyumbani. Alipima umbali wa angani: zaidi ya mara tatu ya njia iliyonyooka. Bahasha ilikaa mezani siku tatu. Alisema atangoja Goma ifunguliwe. Hawezi kufunga kazi yake kwa safari kama hiyo, marubani watamwonaje.

Siku ya nne Floribert aliingia, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Séphora," akasema, "hii kungojea iko ya safari ao ya woga?"

Mama Séphora akavua miwani, akaifuta, akasema polepole, "Iko ya woga. Naogopa kufika nikute kitanda kitupu." Akaitia bahasha mkobani. Ataruka tarehe 3 Agosti, na tayari amepima sanduku lake: kilo kumi na mbili.

Mama Séphora, tunakushukuru kwa kutuuliza maswali ambayo hatukuthubutu kujiuliza. Jumatatu iliyopita rubani mmoja aliomba bidoni mwenyewe, ulicheka, tukacheka. Lakini meza yako itakayobaki tupu tayari tunaiogopa. Nenda ukamwone mama. Safari ikuchukue upesi, barabara ya Kasindi iwe tulivu, na siku jirani atakapotumwa kuuliza, akute ni wewe mlangoni. Uishi vema huko, nasi hapa tutazidi kukukumbuka.