Jaribio Alilolichagua Kabla ya Kuona Majibu

Marehemu, tuliyezoea kumwita Hesabu, alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1994, mtoto wa kwanza wa seremala na fundi cherehani. Alitoka kimya hadi mkunga akaingiwa na hofu, kisha mtoto akapiga chafya.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mwaka 2017 alihitimu shahada ya takwimu, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa dawa. Agosti 2019 aliolewa na fundi umeme, wakajaliwa binti mmoja.

Desemba 2021 alikabidhiwa utafiti wa dawa tano za kupaka vidonda, zikiwemo mpya ya kituo na ya zamani iliyozoeleka. Alinieleza hivi: "Mama, sukari ikipungua na ndani mna watoto watano, hesabu ya kwanza inakwambia yupo aliyekula. Haikwambii ni nani." Vivyo hivyo, kuijua dawa iliyo tofauti ni mpaka zote zilinganishwe mbili mbili, jozi kumi, na kila ukilinganisha unaweza kumsingizia asiyehusika. Kwa hiyo alichagua jaribio la Tukey, linalozipima jozi zote kwa pamoja kwa masharti makali zaidi, akaliandika kwenye mpango kabla ya kufungua takwimu. Dawa mpya haikuishinda ya zamani.

Mkuu wake hakupendezwa. "Tumia jaribio jepesi, dada, dawa mpya ishinde. Unabania nini?"

"Mkuu, nikichagua jaribio baada ya kuona jibu, hapo sipimi tena."

Mkataba wake haukuongezwa. Kituo kiliamua kurudia utafiti kwa wagonjwa wengi zaidi, yeye akiwa nyumbani. Mimi mama yake nilimsihi, "Si ungempa tu anachotaka, mwanangu? Kazi utaipata wapi?" Alinitazama, akaendelea kumenya vitunguu.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni, saa kumi jioni. Ameacha mume, binti wa miaka miwili, wazazi wake na wadogo zake wawili. Mungu ampe pumziko lisilo na maumivu.

Asubuhi ya siku hiyo mkuu wake alikuja wodini na karatasi mkononi. Nilimwona kupitia kioo, nikashikilia kitasa asiingie.

"Ni majibu ya utafiti wa pili, mama," alisema. "Dawa mpya haikuipita ya zamani. Nimekuja kumwomba radhi."

Marehemu alisikia. "Mama, mgeni anasimamishwa nje? Mfungulie."

Nikafungua.